Nedyalka Tsolova, Aliyekataza Neno "Apumzike"

Marehemu Nedyalka Parvanova Tsolova alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji cha Gorno Yaseno, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Parvan, mkulima wa mizabibu, na mkewe Bi Rada. Karatasi za tanzia zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme na mlangoni pa duka la mikate zinasema 1952. Zimekosea. Mdogo wake Venka, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma mbele yenu, alikwenda duka la chapa mara mbili kutaka warekebishe, na mara zote mbili akaambiwa, "Tumesharekebisha, mama." Basi mkipita hapo, rekebisheni wenyewe kwa kalamu. Siku aliyozaliwa ilikuwa sikukuu ya kupogoa mizabibu, na wanaume wote wa kijiji walikuwa shambani wakiyamwagia mashina divai, na kujimwagia wenyewe zaidi. Mzee Parvan alirudi nyumbani akiimba, akamkuta binti wa saa sita kitandani, akauliza mbona mtoto amelazwa chali tangu asubuhi. Familia imelirudia swali hilo kwa miaka sabini na minne, na marehemu hakuwahi kuona kinachochekesha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari mjini Sredopole, na mwaka 1969 akaingia chuo cha wauguzi. Alimaliza mwaka 1971 akiwa wa pili darasani. Yule aliyekuwa wa kwanza alitajwa nyumbani kwa jina mpaka mwaka jana, eti alinakili. Chuoni walimfundisha kuwasugua wagonjwa migongo kwa spiriti ya kafuri mpaka ngozi iwe nyekundu, ili kuwakinga na vidonda vya kitandani, vile vinavyomla mtu aliyelala muda mrefu upande mmoja mpaka mfupa uonekane. Katika somo hilo alipata alama zote, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Alichokuja kukiona wodini ni kwamba ngozi iliyokwisha kuumia kwa kulaliwa, ukiisugua ndio unaimalizia, na kwamba la kufanya ni kumwondolea mtu uzito wake mwenyewe, yaani kumgeuza. Akaanza kuwafokea waliomfundisha, na hapo ndipo alipopoteza marafiki zake wa kwanza.

Kuanzia tarehe 1 Machi 1972 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifanya kazi katika hospitali ya wilaya, wodi ya wagonjwa wa kiharusi, na miaka ishirini ya mwisho alikuwa muuguzi mkuu wa wodi hiyo. Nyinyi mlioko hapa na maua yenu mnajua alivyokuwa. (Leo ni Siku ya Wanawake, wauza maua wameyafunga kwa idadi witiri, kama ya mtu hai, na ya marehemu huwa shufwa. Kila mtu atoe moja kabla ya kuyaweka.) Venka hataki kusikia kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na saa ndogo ya kengele mfukoni mwa koti lake jeupe, na kila baada ya saa mbili ikilia alianzia kitanda cha kwanza: kushoto, chali, kulia. Alinyoosha mikunjo ya shuka. Alipangusa makombo ya banitsa, ile mikate ya jibini ambayo ndugu walileta kwa mapenzi na kumwaga kwa uzembe. Aliweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Akiona wekundu, aliubonyeza kwa kidole. Ukigeuka mweupe alishukuru Mungu na kumlaza mgonjwa upande mwingine. Usipogeuka, mtu fulani pale wodini alikuwa na siku mbaya.

Neno lililomchefua kuliko yote lilikuwa "apumzike". Ndugu wa wagonjwa walikuwa wakisimama mlangoni na kumnong'oneza, "Dada muuguzi, ndio kwanza kapata usingizi. Mwache apumzike."

"Apumzike?" aliwajibu kwa sauti yake ya kawaida, yaani ya kuamsha wodi nzima. "Wewe ukilala unajigeuza mara ngapi? Hujui, kwa sababu humwombi mtu ruhusa. Huyu hawezi. Haya, shika shuka upande huo."

Wakashika. Aliwaambia wanafunzi kwamba kila kidonda alichowahi kukisafisha kilianza na mtu mwenye huruma aliyesema neno hilo. Akalipiga marufuku wodini, na baadaye nyumbani pia. Mumewe akitaka kulala kidogo baada ya chakula ilibidi aseme anakwenda kujinyoosha.

Mwaka 1994 Muuguzi Tsetska, ambaye yuko safu ya pili na amekubali kutajwa, alijaza karatasi za kugeuza wagonjwa za siku nzima saa moja asubuhi, zote kwa mkupuo mmoja, kisha akaenda kunywa kahawa. Marehemu hakumshtaki kwa mkurugenzi. Alimlaza chali kwenye kitanda kitupu na kumwekea saa ya kengele kifuani.

"Saa mbili," alimwambia. "Usikune hata pua."

Tsetska alistahimili dakika thelathini na tano. "Dada, kiuno kinaniwaka moto."

"Vizuri. Wenzako hao ulimi umekufa, hawawezi kukwambia kama kinawaka."

Tangu hapo kila muuguzi mpya alilazwa hivyo siku yake ya kwanza, na daktari mmoja pia, ambaye hakukubali kutajwa na kwa hiyo nyote mnamjua.

Tarehe 12 Septemba 1976 marehemu alifunga ndoa na Iliya Tsolov, fundi wa kuziba pancha. Walikuwa wamekutana mwaka mmoja kabla, pale Iliya alipomletea mama yake aliyelazwa wodini tyubu ya gurudumu la trekta, kaijaza upepo mwenyewe, ili mama alalie juu yake asipate kidonda. Msimlaumu, wakati ule hata wauguzi walitumia mipira ya duara. Marehemu aliichomoa chini ya mgonjwa na kuirusha dirishani, ikadunda uani mpaka kwenye gari la mkurugenzi.

"Ile ilikuwa nzuri," alisema Iliya. "Haivuji."

"Nzuri kwa trekta. Mama yako inambana pembeni kote na kumkatia damu katikati. Wewe una mikono?"

"Ninayo."

"Basi uje kila siku saa kumi, umgeuze."

Alikuja kila siku kwa wiki saba. Mama yake alirudi nyumbani bila alama hata moja, akaishi miaka kumi na mmoja zaidi akimsema vibaya mkwewe kwa majirani. Ndoa hiyo ilijaliwa mtoto mmoja, Petko. Iliya alifariki mwaka 2015, kwa ghafla, akiwa amesimama, na marehemu alisema angalau mmoja wao alikuwa na adabu ya kutomsumbua mtu.

Asubuhi ya tarehe 19 Desemba 2023, akiwa ghalani anakagua pipa la kabichi ya kuchachua, marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulipooza. Mdomo haukupooza. Siku aliyorudishwa nyumbani kutoka hospitali alimwita Venka kando ya kitanda.

"Sikiliza. Jeneza lolote, padri yeyote, hata huyu anayeimba puani. Lakini nizikwe na ngozi nzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Hujanielewa. Kalete ile saa."

Padri atusamehe, ndivyo alivyosema. Na hilo tu ndilo alilolitaka duniani kwa muda uliobaki. Kwa hiyo kwa miezi ipatayo kumi na minne Venka, mwenye miaka sabini na mgongo wake mwenyewe unaouma, hakwenda mahali popote palipo mbali kuliko saa mbili. Mkate alinunua mbio mbio. Kwenye harusi ya binti wa jirani alikula supu akaondoka kabla ya nyama. Na asante hakuipata. "Umenivuta, hukunigeuza. Ngozi si zulia." "Mto umeshuka." "Kidole, Venka, bonyeza kwa kidole, usisimame hapo kutazama kama mtalii." Kuna siku Venka alimchukia, na anasema hivyo hapa mbele ya jeneza kwa sababu marehemu mwenyewe alijua.

Baya zaidi ni ile mitihani. Mara mbili, mwezi wa Mei na mwezi wa Juni, marehemu alisema kwa sauti ya kutia huruma, "Ruka zamu hii moja, mdogo wangu, nimechoka." Mara zote mbili Venka alimhurumia akaruka. Mara zote mbili, baada ya nusu saa, sauti ikatoka chumbani ikiwa na nguvu zake zote: "Umefeli. Hivi ndivyo watu wanavyooza."

Mwanawe Petko alituma kutoka Valencia godoro la umeme linalojijaza upepo lenyewe kwa zamu. Marehemu alilikubali. "Zuri," alisema, "ila halina macho." Krismasi iliyopita Petko alikuja kwa siku tisa. Siku ya pili Venka alipoingia na mto, alimkuta amesimama mlangoni na kidole mdomoni.

"Mama mdogo, ndio kwanza kalala. Mwache apumzike."

"Huyu kazaliwa na nani?" aliuliza marehemu bila kufumbua macho. Petko alishika shuka.

Mwishoni mwa Januari alianza kukataa chakula, akiacha hata mtindi, na daktari akasema moyo umechoka. Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nane mchana, saa ya kengele ililia. Venka aliingia na kufunua blanketi. Marehemu alikuwa chali.

"Leo niache, Venka."

"Zamu ya kushoto, dada."

"Niache nipumzike."

Alilitumia neno lile lile. Kwa miaka hamsini Venka hakuwahi kulisikia kinywani mwake isipokuwa kwa kulitukana. Alisimama akimtazama.

"Unanijaribu," alisema.

Venka akakunja mikono ya blauzi.

"Umenifelisha mara mbili. Ya tatu hunipati. Na mimi nimechoka na mitihani yako, umenisikia? Nimechoka."

Akashika shuka akamgeuza kushoto. Aliweka mto mmoja nyuma ya mgongo na mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino hewani. Akabonyeza kwa kidole kila mahali panapobonyezwa, na kila mahali pakawa peupe na kurudia rangi yake. Halafu akarudi jikoni akiwa amekasirika, akaosha masufuria yaliyokuwa safi. Saa kumi ilipolia aliingia tena. Marehemu alikuwa amekwisha kukata roho, akiwa upande wa kushoto, vile vile alivyowekwa.

Wanawake watatu walimwosha. Muuguzi Tsetska alikuwa mmoja wao, na alimkagua mwili mzima, nyuma ya masikio, viwiko, kiunoni, visigino, hata katikati ya vidole vya miguu. "Nzima," alisema, kisha akakaa chini akalia. Alichokitaka marehemu amekipata. Ila Venka hajui kama ule wa Alhamisi ulikuwa mtihani. Amejiuliza tangu siku hiyo, na mwenye jibu ndiye huyo aliyelala hapo, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, na safari hii amenyamaza. Inamkera Venka kuliko anavyoweza kueleza, na inamuuma.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Petko, mkwe mmoja, Lourdes, wajukuu wawili, Iliya na Marta, na mdogo wake Venka. Ameacha pia wauguzi aliowafundisha, wengi wenu mmesimama hapa, ambao mpaka leo hamwezi kumwona mtu amekaa kitako muda mrefu bila kumwambia asogee kidogo.

Mwenye duka la chapa alikuwa ameweka chini ya ukurasa huu yale maneno ya mazishi ya siku zote. Jana asubuhi Venka aliyakata kwa kalamu, kwa kuwa marehemu hakuyataka maishani mwake. Jana jioni alirudi dukani akaomba yarudishwe, na mwenye duka akaguna. Lakini Alhamisi saa nane mchana dada yake alimwomba jambo moja, akamnyima. Leo amelala chali, na hakuna atakayeingia na saa ya kengele. Tafadhalini, mtu yeyote asimguse.

Mwacheni apumzike.