Sare Thelathini na Barua ya Chifu

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, na nyinyi mnaokaa mbele kila Jumapili, na sisi tuliozoea kukaa karibu na mlango. Leo nimekuja mbele. Nitaeleza polepole kwa sababu mimi si msemaji, mimi ni fundi wa kushona.

Nilizaliwa mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi, baba akiwa mfanyakazi wa baraza la jiji. Alipostaafu tukaondoka kwenye nyumba ya baraza, na tangu siku hiyo sijakaa mahali nikapaita kwangu. Nimeishi Kaloleni, Makadara, Kayole na Fedha, na sasa niko Umoja. Nikimaliza mwaka mmoja au miwili, miguu inaanza kuwasha. Jumapili nyingi nilitoka ibadani nikaenda Ziwani kuangalia tu kama mlango wetu bado ni wa kijani. Nina masanduku mawili ambayo sikuyafungua miaka miwili yote niliyokaa Umoja. Ya nini kufungua, na nitahama?

Kitu nilichofungua ni cherehani peke yake. Nashona humo humo nyumbani, majoho ya kwaya na sare za akina mama, na siku hizi nauza kwa mtandao. Mteja aliye ng'ambo analipa kwa kadi. Pesa inaingia kwanza kwa kampuni ya malipo, nayo inanitumia kwa simu siku ya pili ya kazi. Akilipa Jumatatu, Jumatano nina kitambaa. Sikuwa na akiba, ndugu zangu. Nilizitegemea zile siku mbili kama wenzangu wanavyotegemea benki.

Basi akaja mtandaoni Dada Rispa, muuguzi aliye nchi za mbali. Yeye na ndugu zake walikuwa wanapanga ibada ya ukumbusho wa mama yao nyumbani kwao Vihiga, na alitaka sare thelathini za buluu zenye kola nyeupe, kwa ajili ya kikundi cha akina mama alichokiongoza marehemu. Akalipa zote kwa mara moja siku ya Jumatatu. Ibada ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Sijawahi kulipwa pesa nyingi hivyo. Kwa furaha nikamwambia kitambaa nimeshanunua na nimeanza kukata. Nilijua ni uongo, lakini nikauhesabu kuwa uongo wa siku mbili.

Jumatano ikafika, pesa haikufika. Ulikuja ujumbe kwamba malipo yamezidi kiasi changu cha kawaida, kwa hivyo yatashikiliwa hadi nilete karatasi yenye jina langu na mahali ninapofanyia kazi. Bili ya stima, mkataba wa nyumba, chochote. Nikapiga simu. Msichana aliyenijibu alikuwa mpole, akasema karatasi ikikubaliwa pesa itatoka siku ya kazi inayofuata. Nilimkaripia mtoto wa watu bila kosa, na hapa mbele yenu naungama.

Nikatafuta karatasi hiyo. Mita ya stima ina jina la mwenye ploti, yule anayetupangisha. Kodi nalipa kwa simu, mkataba hakuna. Nina zaidi ya miaka arobaini, na Nairobi kote hakukuwa na karatasi moja inayosema mimi ninaishi mahali!

Alhamisi nikaenda kwa kijana wa saiba, kibanda cha kompyuta na kuchapisha. Akanisikiliza, akacheka. Akaniambia, "Buda, karatasi ni karatasi. Nipe mia tano, dakika kumi uko na bili ya stima."

Nikakubali. Nikaliona jina langu kwenye kompyuta, kando yake nambari ya nyumba ambayo sijawahi kuingia. Ndugu zangu, lilipendeza. Wakati huo huo simu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka kwa Rispa. Alisema kuna nyanya mmoja katika kikundi, mkongwe kuliko wote, anaomba sare yake iwe na mfuko wa kutoshea kitabu cha nyimbo. "Fundi, kama umeshakata, haidhuru. Kama hujakata, muongezee mfuko."

Sikuweza kuendelea. Nikamwambia kijana afute. Akanitazama, akasema, "Kumbe umeokoka mpaka kwa stima?"

Nilisimama nje nikaomba ombi fupi. Bwana, nimechoka kudanganya kuhusu mahali nilipo. Kisha nikampigia Rispa nikamwambia ukweli wote, kwamba hata uzi sijanunua.

"Kaka, mama hakuvumilia uongo," akasema. "Lakini umesema mwenyewe. Nakungoja mpaka Jumatatu. Isipotoka, nirudishiwe pesa nitafute fundi mwingine."

Ijumaa nikaenda kwa chifu wa serikali wa eneo letu kuomba barua ya utambulisho inayosema ninakaa wapi. Wakaniambia nilete kwanza karatasi ya mzee wa Nyumba Kumi, yule anayewajua majirani wa sehemu yake. Kwetu mzee huyo ni mama, Mama Fridah, anayeuza mboga za sukuma langoni. Nilipita mbele yake kila siku.

Alinisikiliza bila kuacha kukata mboga. Akasema, "Fundi, mimi nakujua kwa kelele ya cherehani. Jina lako silijui. Mara tatu nimekuita mkutano wa ploti, mara tatu ukaniambia unahama."

Wateja wake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Nikiandika wewe ni wa hapa, halafu kesho uondoke, nitakuwa nimedanganya serikali. Niambie mbele ya hawa. Wewe ni wa hapa, ama unapita?"

Nikaukumbuka mlango wa kijani. Halafu nikasema, "Ni wa hapa, mama."

Akapangusa mikono, akararua ukurasa wa daftari, akaandika na kutia sahihi. "Mkutano ni Jumapili saa tisa," akasema. "Ukikosa, nitakuja kuchukua wino wangu."

Chifu aliandika barua siku hiyo hiyo, nami nikaipiga picha nikaituma. Jumapili nilihudhuria mkutano. Jumatatu kabla ya saa sita, pesa yote iliingia. Mafundi wawili wa kanisa hili walinisaidia kushona, na Mama Fridah akaja na majirani kutia vifungo. Alhamisi mzigo ukapanda basi. Kola mbili zilikwenda upande kidogo, lakini kwenye picha aliyonitumia Rispa nyanya yule anaonyesha mfuko wake, kitabu kimechungulia.

Ndugu zangu, wewe unayeuza kwa mtandao, peleka karatasi zako mapema, na usiahidi kwa pesa iliyo njiani. Lakini shukrani yangu ni kubwa kuliko pesa. Nimefungua yale masanduku. Moja lilikuwa na barua za baba za kazini, miaka yote, zenye anwani moja. Nililia, kisha nikazipanga kwenye rafu.

Kwa hivyo wewe uliye karibu na mlango, mtumaini Bwana. Anajua ulipo hata kabla hujakubali kukaa. Na kabla hujatoka leo, mwambie jirani yako jina lako. Nianze mimi. Naitwa Josphat. Nakaa Umoja, ploti iliyo nyuma ya sukuma ya Mama Fridah. Karibuni.