Mwalimu Febronia Audax na Mwiko Uliosubiri Kusomwa

Miaka sitini na mitatu aliyokirimiwa dada yetu, Mwalimu Febronia Audax, haikupita kwa kishindo. Ilikwenda taratibu, muhula baada ya muhula, watoto wakiingia darasani hawajui herufi na wakitoka wanasoma, hadi watoto wa watoto hao nao wakaja kuketi mbele yake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, Kabanga, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Audax Niyonzima na Mama Selestina, akabatizwa mwezi uleule. Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Mama yetu hakujua kusoma, hivyo barua zote za nyumbani alizisoma Febronia, na majirani nao wakamletea zao. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1982, akaanza kufundisha Ngara mjini.

Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa takatifu na Bwana Gidioni Shibuda, mkulima wa Nyantakara, wilayani Biharamulo. Huko ndiko alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2022, siku zote madarasa ya kwanza na ya pili.

Mwaka 2009 alikuwa na watoto tisini na sita wa darasa la pili. Walisoma kwa pamoja, kwa sauti moja, naye akatia saini taarifa kwamba wote wanajua kusoma. Wiki iliyofuata alimwita binti mmoja, Iradukunda, asome peke yake ukurasa wenye picha ya kuku. Binti akasimama wima, akatiririsha hadithi ya mbuzi, neno kwa neno.

“Iradukunda, huyo mbuzi yuko wapi hapo?”

“Amekwenda malishoni, Mwalimu.”

Darasa liliangua kicheko. Marehemu hakucheka. Alipowajaribu wengine mmoja mmoja, alikuta thelathini na mmoja waliosoma kwa kufuata sauti za wenzao. Akaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Fideli.

“Mama, taarifa imeshakwenda wilayani,” akaambiwa.

“Basi niandikie nyingine, nami nitaipeleka mwenyewe. Ile niliyotia saini si ya kweli.”

Aliipeleka, akapokea karipio lake. Kisha akaanzisha lile ambalo watoto waliliita Soko la Mwalimu. Kila mtoto alileta kitu cha nyumbani, akakitaja kwa lugha ya mama yake, iwe Kisubi, Kisukuma au Kirundi. Marehemu akakiandikia jina la Kiswahili kwenye kipande cha boksi la sabuni. Vipande vikachanganywa, na mtoto hakurudi na kitu chake mpaka akichague kipande chake na kukisoma. Iradukunda alileta mwiko wa bibi yake, Nimpaye. Wiki ya tatu bibi akafika shuleni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Mwiko wangu utarudi lini? Ugali naukoroga kwa kijiti!”

“Siku mjukuu wako atakapousoma, Bibi.”

“Basi mfundishe upesi, tumechoka kula mabonge!”

Mwalimu na Iradukunda walibaki wawili kila siku baada ya masomo. Mwiko ulirudi nyumbani wiki ya saba.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na kufikia mwaka 2023 macho yake yalikuwa yamezimika. Iradukunda, ambaye sasa ni fundi cherehani hapa Nyantakara, alikuja kila Jumamosi alasiri kumsomea masomo ya misa ya kesho yake. Jumamosi ya tarehe 8 Novemba 2025, Mwalimu akiwa amedhoofika sana, machozi yalimzidi binti, akakiweka kitabu mapajani na kuendelea kwa yale aliyoyakumbuka.

Marehemu akainua mkono. “Soma, mwanangu. Nasikia kurasa hazigeuki.”

Akakifungua, akasoma hadi mwisho. Jumapili asubuhi Mwalimu aliitwa na Muumba wake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Idefonsi na Hosiana, wajukuu watano, na kaka mmoja, mimi ninayesoma wasifu huu. Leo, kama alivyoagiza mwenyewe, somo la kwanza la misa hii ya mazishi linasomwa na Iradukunda, kitabu kikiwa wazi mbele yake.

Mwenyezi Mungu amrudishie mtumishi wake nuru ya macho ili auone uso Wake; na amani atakayompumzisha ndani yake, aishushe pia juu ya mume, watoto, wajukuu na wote aliowafungulia kitabu. Amina.