Odeke na Gari la Majanini

Benchi yetu ilikaa mbele ya cherehani yangu, Osukuru, pale barabara inapoteremka kuelekea Busia, mpakani. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1954 na mvua zilikuwa bado. Aboth aliuza kahawa, birika moja na vikombe vinne. Wateja wa kila siku walikuwa wawili: Othieno, tuliyemwita Karani kwa sababu alifagia ofisi ya Diisii, mkuu wa wilaya, miaka sita, na Edimu, tuliyemwita Burma kwa sababu alikwenda vitani huko na hakuacha kutukumbusha. Mimi nilishona na kusikiliza. Habari ilikuwa moja, Odeke.

Odeke alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa pamba. Mzungu alirudi kwao kabla ya vita, akaliacha gari lake majanini kule Merikit. Kuku wakataga kitini. Mti ukaota sakafuni, ukatokea dirishani. Miaka kumi na tano baadaye Odeke alikwenda na maksai sita, akaukata ule mti, akalivuta gari mpaka kwake nyuma ya kilima. Sasa mwaka wa pili ulikuwa umeanza, naye bado alikuwa chini ya gari.

Karani: Jana nimemwona anakwenda kwa fundi, amebeba rejeta kichwani kama mwanamke na mtungi.

Burma: Imetoboka?

Karani: Kama chujio.

Burma: Basi gari hiyo haiendi. Mimi nimekaa na malori Burma, najua.

Aboth: Si ulikuwa mpishi, mzee?

Burma: Mpishi naye anapanda lori.

Karani: Mimi sishangai rejeta. Nashangaa mkewe, Akwi. Mke wa mtu haonekani kanisani mwaka na nusu!

Burma: Alirudi kwao Busia.

Karani: Nani kakuambia?

Burma: Si wewe?

Karani: Mimi nilisema labda.

Burma: Basi labda alirudi kwao Busia.

Wiki iliyofuata Odeke aliniletea turubai nimshonee paa la gari. Akaniomba pia godoro la kiti cha nyuma, akanipimia kwa kamba. Lilikuwa refu kuliko kiti chochote nilichowahi kuona. Sikumuuliza kwa nini. Kesho yake niliwaonyesha wenzangu ile kamba.

Karani: Hii ni ya Malkia.

Aboth: Malkia gani?

Karani: Wa Waingereza. Anakuja Jinja mwezi wa nne. Odeke anataka kumpa gari. Malkia atachoka na safari, atalala.

Burma: Malkia hawezi kulala kwenye gari iliyolala kuku. Pima vizuri. Hiyo ni urefu wa mtu aliyenyooka. Ni jeneza.

Aboth: Yesu! La nani?

Burma: Mimi sijui. Lakini Akwi hatujamwona.

Karani: Hapana, hapana. Sikilizeni. Injini ya gari lile ilikuwa imekufa, sivyo? Mpya kaitoa wapi? Huko mpakani watu wanabadilishana kila kitu.

Aboth: Unasema kambadilisha mke na injini?

Karani: Sijasema. Nimeuliza kaitoa wapi.

Wakati huo huo Odeke akatokea, mikono myeusi mpaka viwikoni. Tukamsogezea nafasi. Aboth akammiminia kahawa.

Karani: Habari za nyumbani?

Odeke: Nzuri.

Karani: Wote?

Odeke: Wote.

Akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Karani: Mmeona anavyoficha?

Jumamosi moja asubuhi tulisikia mngurumo nyuma ya kilima. Burma akasimama akasema ni ndege, tena ya Wajapani. Likatokea gari, jeusi upande mmoja, kijani upande wa pili, paa langu likipiga makofi kwa upepo. Likafika mbele ya benchi, likakohoa mara tatu, likazimika.

Kwenye godoro, mguu mmoja umenyooshwa chini ya blanketi, alikuwepo Akwi. Alikuwa amekonda, amevaa nguo ya kanisani.

Aboth: Mama! Si ulirudi kwenu?

Akwi: Nani alisema?

Karani akamtazama Burma. Burma akanitazama mimi. Mimi nikaitazama cherehani.

Akwi hakungoja jibu. Alimwambia Aboth kwamba aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika. Hawezi kutembea, na baiskeli hawezi kukalia. Mama yake yuko Busia, naye macho yamekufa, haendi popote. Mwaka na nusu hawajaonana. Alisema hayo bila kulalamika, huku akipuliza kahawa aliyopewa. Nilikwenda kulinyoosha godoro mgongoni pake, lilikuwa limejikunja. Odeke alikuwa karibu, anazungusha hendeli ya kuwashia injini.

— Kwa nini hukutuambia? nikamnong'oneza.

— Mlikuwa mnaongea, akasema.

Alizungusha mpaka jasho likamtiririka. Injini haikuitika. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

— Sukumeni.

Tukasukuma. Burma aliacha viatu njiani. Karani, ambaye hatukuwahi kumwona akibeba hata fimbo, aliweka bega lake nyuma ya gurudumu la akiba. Aboth akaliacha birika motoni, akaja. Mteremkoni injini ikashika kwa mlio mkubwa, moshi ukatufunika, nasi tukabaki barabarani tumejishika magoti. Akwi alitoa mkono chini ya turubai, akapunga mpaka kona.

Odeke alirudi Jumatatu peke yake. Akwi alikaa kwa mama yake wiki tatu, akafuatwa, akapelekwa tena. Mwaka ule walionana mara nne. Yule mama alifariki mwezi wa kumi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Tulikwenda mazikoni tumebanana ndani ya gari lile, Akwi peke yake kwenye godoro, sisi wengine pale penye nafasi. Karani alikaa mbele, sanduku la vyakula mapajani. Njiani tulisimama mara mbili kutia maji kwenye rejeta. Mara zote mbili ni yeye aliyeteremka kwenda mtoni, na hatukumwomba.