Mzee Geuza na Injini Arobaini na Tatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, fundi wa chumba cha mizani anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, ameharibu sherehe tano, na hajachelewa hata siku moja. Kamati ya kumuaga imenichagua mimi niandike wasifu wake. Wote mnajua kwamba mwezi Machi injini yangu ilifia mezani kwake. Naishukuru kamati kwa busara yake.

Kwa wageni mnaosoma ratiba hii huku mkisubiri soda: roketi huenda mbele kwa sababu inatupa moshi nyuma, ndiyo maana sehemu kubwa ya roketi ni tangi la mafuta. Sisi wa ghorofani, wenye shahada mbili mbili, tuliona mtindo huo umepitwa na wakati. Tuliamini kwamba ukifungia mawimbi ndani ya sanduku, yale yale ya kupashia chakula, yakawa yanagongagonga kuta, basi sanduku litajiendea zake hadi kwenye nyota bila kutupa chochote. Wengine walisema haiwezekani kabisa. Tulibishana miaka na miaka, chai ikipoa, watu wakinuniana kwenye ngazi. Yeye, kule chini kwenye chumba kisicho na dirisha, hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba kama linasukuma, mizani itaona.

Aliajiriwa kama mfagizi wa chumba hicho hicho. Mizani yetu ni pipa la chuma lililonyonywa hewa, ndani yake mkono mwembamba wa kubebea injini unaoning'inia kwa waya, na mshale unaotikisika hata mtu akipiga chafya koridoni. Fundi wa awali alipoacha kazi, ilibainika kwamba ni mfagizi peke yake aliyejua kwa nini mshale hucheza kila saa saba mchana: ni lifti ya jengo la jirani, watu wakienda kula. Akavalishwa koti jeupe. Ufagio aliendelea nao, kwa kuwa taasisi haikuona sababu ya kumnyima kitu alichokizoea.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na ndio uliompa jina la Mzee Geuza. Injini ikisukuma kuelekea mlangoni, anaizima, anaigeuza itazame ukutani, anaiwasha tena. Kama nguvu ni ya injini, mshale nao utageuka. Mshale ukiendelea kung'ang'ania mlangoni, basi anayesukuma ni mwingine. Mkewe, ambaye ni mshonaji, anasema nyumbani hata godoro hajawahi kuligeuza.

Wavumbuzi walikuja na masanduku yao yamefungwa kwa mablanketi kama watoto wachanga. Fundi mmoja wa majokofu alikuwa na injini iliyosukuma vizuri kabisa, ila pale tu mwenyewe alipokuwa karibu. Mzee Geuza alimwomba amletee glasi ya maji. Alipotoka, na nguvu ikatoka naye, maana alikuwa ameegemea meza ya mizani. Hakumwaibisha. Kwenye ripoti zake hakuandika kamwe kwamba injini ni mbovu; aliandika kwamba msukumo haujaonekana, kisha akamsaidia mwenye sanduku kulibeba hadi getini. Nilishuhudia haya mara arobaini na mbili na nikacheka zote. Nyani haoni kundule.

Ya arobaini na tatu ilikuwa yangu, kazi ya miaka tisa. Nayo ilisukuma. Kidogo, mfano wa uzito wa punje ya chumvi, lakini ilisukuma. Mkurugenzi wetu, mtu asiyependa kuchelewa, alitundika bango getini kabla ya ripoti: NJIA YA NYOTA INAANZIA HAPA. Waandishi wa habari wakaalikwa waje Alhamisi. Ilibaki saini moja tu.

Jumanne Mzee Geuza akageuza. Mshale ukabaki mlangoni. Mkurugenzi akashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamkumbusha kwa upole kwamba amebakiza miezi mitatu na hotuba ya kumuaga bado haijaandikwa. Jibu lake mnalijua, maana lilifika ghorofani kabla ya mkurugenzi: “Mkubwa, mshale hausomi bango.” Akaomba siku moja. Jumatano alilala chali chini ya meza akafuata waya mnene unaopeleka umeme kwenye sanduku langu, akaona kwamba waya huo ndio unaovutwa na sumaku ya dunia. Akausokota pamoja na waya wa kurudisha umeme, ili mivuto yao ifutane, akawasha. Mshale ukatulia tuli.

Mtaniuliza mbona sikuigeuza mwenyewe kwa miaka tisa. Sikusahau. Niliogopa.

Wasifu ulioidhinishwa na kamati unaishia pale alipoomba siku moja; ya Jumatano nimeyaongeza mimi, na naendelea. Jioni ile aliniita kabla ya kumwambia mtu mwingine. Alinipa ripoti, nafasi ya saini ikiwa wazi, akasema niipeleke juu kama yangu, kwani anayejikamata mwenyewe huachwa kazini, anayekamatwa hufukuzwa. Yeye alikuwa anaondoka, sifa hazingemsaidia. Nina watoto wawili shuleni. Nikatia saini, nikapanda nayo. Bango likashushwa. Mwezi uliofuata nikakabidhiwa Cheti cha Uaminifu wa Kitaaluma mbele yenu nyote, na aliyepiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa yeye. Sijapata aibu kama ile maishani.

Asante, mzee wetu, kwa miaka thelathini na mmoja ya kutuambia ukweli bila kutupigia kelele. Tunakuombea afya, wajukuu wengi, na usingizi wa mchana usiotikiswa na lifti ya mtu.

Nanyi wenzangu, mkitoka ukumbini pitieni mapokezi. Cheti changu kiko ukutani, upande wa kushoto. Leo asubuhi nimeandika nyuma yake kazi ile ilikuwa ya nani. Kigeuzeni.