Leo Sipandi Nguzo

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi.

DADA: Mimi ndiyo nani? Namba yako siijui—

FUNDI: Kitinda mimba wenu. Yule wa nguzo za umeme.

DADA: Miaka miwili, leo ndiyo unanikumbuka.

FUNDI: Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Kuna msiba?

FUNDI: Hapana. Nyumbani wazima.

DADA: Mbona unaongea kama mtu anayesoma tangazo?

FUNDI: Niko ndani ya gari la kazi. Nimefunga milango. Wenzangu wako nje, wananingoja nipande nguzo.

DADA: Sasa si upande?

FUNDI: Mikono haisikii. Nimejifinya kiganja, hakuna kitu. Kwanza moyo ulidunda, jasho likanitoka, nikajua ndiyo nakufa— [mikwaruzo]

DADA: Haloo? Unakatika!

FUNDI: —halafu kimya. Sasa nipo tu. Kama mzigo ulioachwa kwenye kiti.

DADA: Imeanza lini?

FUNDI: Toka mwenzangu aanguke. Miezi mitatu sasa.

DADA: Alipona?

FUNDI: Hakupona. Mimi ndiye niliyemfunga mkanda wa kupandia. Wakaupima, wakasema mkanda mzima. Nguzo ndiyo ilikuwa imeoza. Wamesema si mimi.

DADA: Sijakuuliza hilo.

FUNDI: Najua.

DADA: Wifi anajua?

FUNDI: Anadhani uchovu. Hawa wa kazini wanadhani tumbo. Wameninunulia vidonge.

DADA: Vya tumbo?

FUNDI: Nimevimeza. Ningesema nini?

DADA: [anacheka kidogo, anaacha] Mbona umenipigia mimi?

FUNDI: Sijui.

DADA: Unajua, bwana.

FUNDI: Siku tuliyomzika mama. Hukufika, ulisema gari limekuacha. Nikakwambia... nilikwambia maneno mabaya.

DADA: Yaache hayo.

FUNDI: Halikukuacha.

DADA: Halikuniacha. Lilikuwa mbele yangu, kondakta ananiita kabisa, mama ingia. Nikajifungia choo cha stendi. Mtu wa choo akagonga mpaka akachoka. Nilikuwa nimeshika viatu mkononi, mpaka leo sijui nilivivua saa ngapi.

FUNDI: Ungetuambia.

DADA: Mngenielewa?

FUNDI: Hapana.

DADA: Haya. Vua buti.

FUNDI: Nini?

DADA: Vua, kanyaga sakafu ya gari. Ikoje?

FUNDI: Ina mchanga.

DADA: Toa pumzi. Usivute, toa kwanza. Polepole, kama unapoza chai.

FUNDI: [anapumua] Sioni tofauti.

DADA: Hutaiona sasa hivi. Mimi huchukua nusu saa. Siku nyingine haipiti kabisa, nashona nayo hivyo hivyo, wateja wanachukua nguo zao, hawajui kitu.

FUNDI: Kwa hiyo haiponi?

DADA: Inapungua. Naenda kliniki, kuna mama mshauri. Ananiuliza, najibu, basi. Mwanzoni niliona anapoteza muda wangu. Sasa naweza kwenda sokoni kwa gari. Vituo vitatu.

FUNDI: Vitatu tu?

DADA: Nilianza na kufika kituoni na kurudi nyumbani. [mikwaruzo] ...unanisikia?

FUNDI: Msimamizi anakuja. Anagonga kioo.

DADA: Usipande na mikono hiyo.

FUNDI: Watanicheka.

DADA: Wacheke. Fungua mlango, mwambie.

FUNDI: Subiri. [kwa mbali] Mkubwa, leo sipandi. ...Hapana, si tumbo. Tumbo halijawahi kuniuma. Naogopa. Toka siku ile naogopa.

DADA: Haloo? Anasemaje?

FUNDI: Anazunguka gari.

DADA: Amekasirika?

FUNDI: Sijui. Ameingia upande wa dereva. Amekaa. Anaangalia mbele tu.

DADA: Mwache akae. Na wewe kaa.

FUNDI: Dada, salio linaisha—

DADA: Tafuta kliniki ya huko kwenu. Alhamisi nakuja, tunaingia wote.

FUNDI: Utakuja na nini? Huku ni siku nzima ya gari—

DADA: Nitapanda. Nikishindwa njiani nitashuka, nitapumzika, nitapanda jingine.

FUNDI: Dada, usijilazimi—

DADA: Nimesema nakuja! Mwambie wifi ukweli leo, usingoje mpaka—

[simu inakatika]