Fundi Birindwa, Aliyelala wa Kwanza mu Kila Nyumba

Majirani wa Bwiza, na nyinyi mulioamuka mapema kutoka Gatumba, mukae. Mi ni Nsimire, dada mukubwa wa marehemu. Nitasema mutu huyu alikuwa nani.

Térence Birindwa alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, kule Walungu, mutoto wa tatu wa wazazi wetu. Mwaka wa 1964 vita ilitutoa. Tulivuka muto Rusizi, ndio mupaka, mi nikimubeba mugongoni, maji imenifika kifuani. Hakulia.

Alisoma shule ya musingi hapa Bwiza mupaka mwaka wa tano. Mwalimu alimwambia aombe musamaha kwa kosa ambalo hakufanya. Alikaa nje ya mulango wa darasa wiki nzima, hakuomba, na shule ikaishia pale. Kichwa kigumu ile ni ya ukoo wetu. Simulaumu.

Kujenga alifunzwa na marehemu muzee Gélase, na kazi yake nyingi iko Gatumba. Alikuwa na desturi. Nyumba ikiisha, mwenye nyumba haingii siku ile. Birindwa anatandika mukeka, analala yeye wa kwanza. Asubuhi anamungoja mwenye nyumba mulangoni: «Karibu. Kama ingeanguka, ingeanguka juu yangu.»

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Dorothée. Usiku wa arusi alitaka kulala peke yake kwanza mu nyumba yao mupya, sababu ni desturi. Dorothée akamwambia, «Ikianguka tuanguke wote. Sogea.» Walizaa Maxime na Lisette.

Sasa niseme habari ya Aprili 2020. Rusizi iliingia Gatumba, watu wakatoka na magodoro kichwani. Mama Jovithe, mujane, alibaki ndani. Nyumba yake, kazi ya Birindwa, ilikuwa ya matofali ya udongo yasiyochomwa, ndiyo aliweza kupata. Vijana walimuvuta, akawafukuza: «Birindwa alisema hii haianguki.»

Neno lile lilimufikia Birindwa. Alichukua mwiko wake wa kujengea, akaingia mu maji.

Mama Jovithe yuko hapa, ndiye alinielezea. «Aliniambia, ‘Mama, toka, nilikosa.’ Nikamucheka. Nikamwambia, ‘We si ulilala humu?’ Basi akachomeka mwiko mu ukuta, ukaingia wote mupaka mupini, kama mu bugali. Akasema, ‘Unaona kazi yangu? Toka sasa.’ Ndipo nilitoka.»

Mama alikuwa amefika nje, Birindwa akiwa mulangoni, wakati ukuta ulishuka. Ulimuvunja kiuno.

Tulipotayarisha maneno haya, Maxime aliniomba tuandike «ajali», tupite.

«Shangazi, watu watasema nyumba ya Papa ndiyo ilimuua.»

«Waseme. Ni yake, aliijenga mwenyewe.»

«Lakini unataka kumufanya shujaa. Shujaa ni mutu wa vita, ni mufalme. Papa alikuwa masoni, mujenzi wa nyumba tu.»

«Mufalme akivunja neno lake, anatuma mutu mwingine aende kusema. Baba yako alienda mwenyewe, mu maji, na mwiko mukononi.»

Maxime ni mutoto muzuri, alitaka kumufunika baba yake. Mi nasema wa hivi hafunikwi.

Tangu siku ile ya ukuta Birindwa hakusimama tena. Alikaa mulangoni kwangu, hapa Bwiza. Watu wa Gatumba walikuja kumwambia, «Fundi, ni maji iliangusha, si wewe.» Alikataa. «Maji haikuwaahidi kitu. Ni mi niliwaambia haianguki.» Hata padri alimushindwa. Nyumba ngapi zilibaki wima, hakutaka kuzisikia. Ile moja ilimutosha. Sijui kama ni haki mutu abebe hivyo. Najua hakumupa mutu mwingine abebe.

Figo, zilizoharibika tangu kiuno kile kuvunjika, zilimulaza mwaka jana. Alifariki tarehe 21 Januari 2025, alfajiri, Dorothée akimushika mukono.

Ameacha Dorothée, mujane wake, Maxime na Lisette, wajukuu sita, na mi, niliyemuvusha maji. Na Mama Jovithe tumemuweka mu hesabu ya jamaa. Kama yeye si wa jamaa, basi Birindwa aliingia mule kutafuta nini?

Leo kuna nyumba mupya, na hii hakuijenga yeye. Lakini desturi haijabadilika: analala wa kwanza, sisi tutakuja asubuhi. Ndugu yangu, lala na amani. Hii haitakuangukia.