Dawa Niliyoacha Kumeza Chuoni

Wazazi wetu, mchungaji, na ninyi vijana mliomaliza kidato cha nne mkingoja kwenda chuo, asanteni kwa kuketi kunisikiliza. Mimi ni mtoto wa hapa hapa Mukurweini, na wengi wenu mnamjua mama yangu kwa sababu ya maziwa anayouza. Nimewasikia walionitangulia wakiwaambia mpange muda wenu na mchague marafiki vizuri. Ni kweli yote. Mimi niko na jambo moja tu. Sitamtaja mtu kwa jina, maana kuna mtu aliumia, na hakuwa na kosa.

Niko na kifafa. Huku kwetu watu husema ugonjwa wa kuanguka. Naona wengine mmeinamisha kichwa. Sio neno, hata mimi bado si rahisi kulitamka mbele ya watu.

Kilinianza nikiwa shule ya msingi. Nilipoenda shule ya bweni kule Nyeri, mama alimkabidhi matroni wa bweni dawa zangu, na kila jioni baada ya chakula niliitwa. Nilimeza mbele yake, ananiambia nifungue mdomo aone, kisha naenda prepu, masomo ya jioni. Iliniudhi sana, niliona ananifanya mtoto mdogo. Ndugu zangu, yule matroni ndiye aliyekuwa akinishikia maisha, na mimi nikihesabu siku za kutoka mikononi mwake.

Nilianguka mara moja tu nikiwa huko, kwenye paredi ya asubuhi, nilipotoka likizo ambayo dawa nilimeza leo, kesho nikasahau. Nilipozinduka wasichana walikuwa wamesimama mbali. Yule niliyeketi naye dawati moja alihamia nyuma ya darasa. Hakunitusi. Alihamia tu, na hakurudi mpaka tukamaliza shule.

Hilo ndilo nililoenda nalo chuoni, zito kuliko hata sanduku. Nilipata nafasi ya kusomea upishi katika chuo kimoja upande wa Sagana, nikajiambia huko hakuna anayenijua, nitaanza upya. Mama alinisindikiza mpaka langoni, akanisihi niende ofisini nimweleze mkuu wa wanafunzi, na nimweleze pia nitakayelala naye chumba kimoja. Nikamwambia sawa mama. Sikuenda ofisini. Na dawa nikazificha ndani ya mkebe wa majani chai, chini ya kitanda.

Mwenzangu wa chumba alitoka upande wa Kianyaga. Alikuwa msichana wa kucheka kwa sauti, na alikuwa akijua kuoka kuliko sisi sote. Kwao alikuwa ameshaanza kuokea watu keki za harusi, na alikuja chuo ili awe na cheti afungue duka lake. Tulipendana haraka. Tulipika pamoja, tukafua pamoja, tukaazimana nguo. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na kila siku niliona nikimwambia atahamisha kitanda.

Sasa sikizeni, nyinyi vijana. Chuoni hakuna anayekuita. Hakuna kengele ya kula wala ya kulala. Hakuna mtu wa kukwambia ufungue mdomo. Mwanzoni nilimeza mwenyewe, lakini zile dawa zilinitia usingizi darasani na wenzangu wakaanza kunicheka, nikaona niruke siku ya masomo ya asubuhi. Kisha nikaruka nyingine. Wiki zikapita sijaanguka. Na hapa, mchungaji, nisamehe, lakini nitasema. Nilikuwa nimeomba Mungu aniponye, na nilipoona sianguki nikasema nimeponywa. Sikumuuliza daktari, sikukuuliza wewe. Nilijitangazia uponyaji mwenyewe, nikaacha dawa kabisa. Mama akipiga simu jioni kuniuliza kama nimemeza, nilimwambia ndiyo, na mkebe uko chini ya kitanda, wiki nyingi haujafunguliwa.

Mwili ulinionya. Asubuhi mkono ulianza kuruka wenyewe. Siku moja nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, mkono ukaruka, chai yote ikamwagika kwenye blanketi la mwenzangu. Hakukasirika. Aliniangalia tu, akaniuliza, "Mkono yako iko na nini?"

"Ni baridi," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayengoja useme zaidi. Nikainama nikaanza kupangusa blanketi. Ile dakika naikumbuka kuliko mambo yote ya chuo. Mlango ulikuwa wazi, na ni mimi niliyeufunga.

Haikupita siku nyingi, tukawa jikoni kwa somo la vitendo. Tulikuwa tunakaanga mandazi, mimi na yeye jiko moja, na mimi ndiye niliyesimama karibu na karai ya mafuta. Ninachokumbuka ni kelele za wenzetu kuwa mbali, kama ziko chumba kingine. Mengine niliambiwa. Nilianguka, mkono wangu ukagonga mshikio wa karai. Ile karai ilikuwa inanijia usoni. Mwenzangu aliisukuma kwa mkono wake, na mafuta yakammwagikia kutoka kiwiko mpaka vidoleni.

Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mmoja alinisukumizia kijiko mdomoni akidhani ananisaidia, ndiyo maana mnaona hapa mbele sina jino. Simlaumu. Nilipozinduka, mwenzangu alikuwa ameshikiliwa kando ya mfereji, maji yakimwagika juu ya mkono, na alikuwa akilia kama mtoto. Mimi sikuwa na hata tone la mafuta mwilini.

Nilirudi nyumbani na sikutaka kusikia habari za chuo. Niliamka, nikakamua, nikapeleka ng'ombe maji, nikakaa. Mama alipopata ule mkebe kwenye sanduku langu, bado umejaa dawa, hakunigombeza. Aliketi kwenye stuli ya kukamulia akaniambia, "Nilikuwa nakuuliza kila jioni." Kisha akaenda shambani akakaa huko mpaka giza likaingia. Kuanguka kwangu alikuwa amekuzoea. Uongo wangu ndio uliomvunja.

Mwenzangu alinipigia simu mara kadhaa, sikushika. Niliogopa sauti yake. Mwishowe ni mama aliyesema inatosha, akafunga mkungu wa ndizi na kuku mmoja, akaniambia nivae tunaenda Kianyaga. Nilikataa. Akaniambia kama siendi ataenda peke yake na atawaambia kwamba mtoto wake ameogopa. Nikavaa.

Tulimkuta nje akianua nguo kwa mkono wa kushoto. Mama zetu waliingia ndani, tukabaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima na yote yalipotea. Nikamwambia tu kwamba nilikuwa na kifafa tangu utotoni, na dawa nilikuwa nazo, na niliacha.

Aliweka nguo aliyoshika begani. Kisha akasema, "Siku ile ya chai nilikuuliza. Ungeniambia, ningesimama mimi upande wa mafuta."

Hakuniambia angehama. Mambo yote niliyokuwa nimeogopa miezi yote ile hayakuwa kichwani mwake hata kidogo. Angebadilisha tu mahali pa kusimama.

Aliniambia amenisamehe, na namwamini. Lakini vidole viwili havikunjiki vizuri tena, na kupamba keki ni kazi ya vidole. Aliacha upishi. Siku hizi anasomea mambo mengine, na anaendelea vizuri, ila nikiona keki ya harusi mahali popote mimi hugeuka na kutazama kando. Hilo halijaisha, na sitawadanganya ati limeisha.

Baada ya siku ile nilirudi kliniki Nyeri. Muuguzi alinisikiliza, nikamwambia kuhusu usingizi, daktari akanibadilishia dawa. Kumbe ningesema mapema ingebadilishwa mapema. Muhula ulipofunguliwa nilirudi chuo kile kile, na kabla ya kutandika kitanda nilienda ofisini. Mwalimu wetu alipanga nisisimame kwenye mafuta wala moto peke yangu. Na jioni ya kwanza nilimketisha mwenzangu mpya wa chumba nikamweleza: nikianguka nilaze upande, ondoa vitu vigumu, usiweke chochote mdomoni, kaa nami. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo yake akanionyesha kifaa cha kuvuta dawa. Akasema, "Sawa. Na mimi niko na pumu."

Namshukuru Mungu, na namshukuru mama aliyenivuta mpaka Kianyaga. Nawashukuru yule matroni, yule muuguzi, na mwalimu wangu. Na rafiki yangu wa Kianyaga, ambaye nilimwomba aje leo. Alisema hatakuja kuonyesha watu mkono, lakini mimi nije niseme.

Basi ninyi mnaoenda chuo, kila mmoja ajiulize ni jambo gani lake ambalo shule ilikuwa ikimbebea. Labda ni dawa, labda ni hasira, labda ni huzuni ambayo mwalimu mmoja tu aliijua. Chuoni utalibeba wewe. Chagua mtu mmoja umwambie, wiki ya kwanza, kabla hajakuuliza. Na akikuuliza, usiseme ni baridi.

Tukitoka kwa chai nitakuwa pale nyuma kwa tangi la maji. Kama uko na jambo kama langu, njoo peke yako. Si lazima useme mbele ya mzazi, na si lazima useme yote leo.